Mahari Yangu Katika Pikseli Milioni Mia Moja

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba. Mushaki.

Nadai hivi, na niko tayari kulitetea dai hili mbele ya mtu yeyote mwenye akili timamu: picha isiyoweza kusogelewa ni uongo. Picha ya kweli haiogopi pua ya mtazamaji. Isogelee hatua moja, ikupe jani. Isogelee tena, ikupe mishipa ya jani. Ile inayogeuka vumbi la rangi pindi unapoinama si picha hata kidogo. Ni uvumi.

Sababu ya kuandika haya ni Déo. Déo ni mpwa wa Papa Hakorimana wa Masisi-centre, na Papa Hakorimana ni baba wa Uwamariya, mchumba wangu. Hupiga picha za ubatizo na harusi. Kwa simu! Jana alipita hapa Mushaki, na baada ya ibada akaniambia mbele ya waumini wote: "Kaka Tuyizere, muntu hatafute picha ya kuhesabia nywele. Anatafuta aonekane muzuri." Wakacheka. Hata mchungaji. Nilimjibu kwa hoja nne. Katikati ya hoja ya pili simu yake ililia, akaipokea.

Aibu kubwa ni kwamba hata mimi sina silaha kamili. Kamera yangu ni moyen format, yaani ile ambayo kibamba chake cha kupokea mwanga ni kipana kuliko cha kamera za kawaida. Niliachiwa na mradi wa utafiti wa misitu kule Itebero, Walikale, nilikofanya kazi baada ya kupata shahada yangu. Niliiheshimu hadi juma lililopita, niliposoma kwamba toleo jipya lina pikseli milioni mia moja. Yangu ina hamsini.

Nusu! Tangu hapo natembea kama mtu aliyeambiwa kwamba ana jicho moja.

Jumatano, tarehe 8 Oktoba.

Toleo jipya lipo. Liko Goma, katika duka la Papa Grégoire, mfanyabiashara wa Butembo ambaye lori lake hupita hapa kwenda Walikale. Aliachiwa na mhandisi mmoja aliyeondoka kwa haraka. Papa Grégoire hajui ni kitu gani. Anajua tu kwamba ni kizito, na kwake uzito ni thamani. Nimezungumza naye leo lori liliposimama kupakia viazi. Yuko tayari kubadilishana: kamera yangu ya zamani, pamoja na ng'ombe mmoja. Anaoza binti yake kule Walikale, ambako ng'ombe hafugwi, na anataka karamu itakayosimuliwa.

Si ng'ombe yeyote. Alinyoosha kidole kuelekea malishoni, moja kwa moja kwa Gaju.

Hapa pana ugumu. Gaju ni mtamba, hajazaa bado, rangi yake kahawia ya asali, na ni mmoja wa ng'ombe watatu wa mahari yangu. Marehemu baba aliacha watatu kwa kazi hiyo moja. Papa Hakorimana hakuweka masharti mengi: ng'ombe watatu, mmoja wao awe mtamba, wafike Masisi-centre Jumamosi tarehe 25. Tumekwisha kuahirisha mara mbili, kwanza kwa ajili ya barabara, kisha kwa ajili ya msiba. Alisema kwa upole kwamba hakutakuwa na mara ya tatu. Uwamariya amenifafanulia upole wa baba yake. Amesema nisiuchezee.

Nimefikiri kwa saa nzima. Uamuzi: Gaju ataondoka, na atapatikana Gaju mwingine wa muda. Kamera mpya itanipatia kazi za harusi kubwa, nami nitanunua mtamba na kumpeleka kwa wakwe kimyakimya kabla ya mtu kutambua. Huu si udanganyifu. Ni mpito.

Mama, yaani Mama Anastasie, alisikiliza hoja zangu zote akichambua maharage. Kisha akauliza: "Gaju ukimuita jina, anageuka. Ile mashine utaiita nani?"

Nilimweleza kwamba swali lake halihusiani na mada.

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba.

Imefanyika. Gaju amepanda lori. Alikataa mara moja tu, kisha akapanda. Mama alisimama mlangoni hadi lori likapotea kwenye kona, akarudi ndani. Nami nilikuwa na huzuni, ya kweli. Lakini kamera ilikuwa mikononi mwangu.

Niliipiga picha nyasi ya mbele ya nyumba. Nikaikuza kwenye kompyuta. Katika ncha ya nyasi alikuwapo mdudu, na mdudu alikuwa na vidole.

Nani ataniambia kwamba nimepoteza?

Jumapili, tarehe 12 Oktoba.

Ng'ombe wa muda amepatikana kwa mjomba Shema. Rangi ni ileile, kahawia ya asali. Umri, hapana. Amezaa mara saba, na mjomba alikuwa akijiandaa kumpeleka kwa wachinjaji wa Sake. Badala yake alidai picha yake mwenyewe, amevaa koti lake la Krismasi.

Nilimpiga picha kwa uangalifu wote. Nikamwonyesha kwenye kompyuta. Alisogeza uso, akarudisha uso. Akauliza: "Hii iko kilima ya Mushaki ao iko pua yangu?" Nilimweleza uzuri wa vinyweleo. Alisema ameishi na pua hiyo miaka sitini bila kugombana nayo, na kwamba leo nimewagombanisha. Picha ameikataa. Ng'ombe amenipa vilevile, maana anamalizia nyasi bure.

Aliongeza ushauri mmoja. Mtoto wa hapa huijua mistari ya pembe kabla ya kuzijua herufi: kila ndama huacha mstari mmoja unaozunguka pembe ya mama yake, na yeyote akitazama anajua. Wauzaji wajanja hukwangua pembe kwa kipande cha chupa hadi zinateleza. Mjomba alikuwa na kipande cha chupa tayari mfukoni.

Nilikataa. Pembe iliyokwanguliwa haina umbile. Mwanga unateleza juu yake kama juu ya sahani. Mjomba alinitazama kama mtu anayetafuta mahali ugonjwa ulipoanzia.

Jumanne, tarehe 14 Oktoba.

Mvua siku ya pili. Barabara imekatika mahali pawili. Wazee waliotakiwa kutoka Masisi-centre kuja kukagua ng'ombe hawawezi kupita; pikipiki tu ndizo zinapita, kwa kusukumwa. Nilishukuru Mungu.

Mapema mno! Saa kumi na moja jioni akafika Déo, matope hadi mabegani. Papa Hakorimana alikuwa amemtuma apige picha ya ng'ombe na kuituma kwa WhatsApp.

Hakushuka kwenye pikipiki. Ukungu ulikuwa umekwisha kushuka malishoni, ng'ombe wamesimama kwenye nyasi ndefu. Aliinua simu, akabonyeza, akaifuta tone la mvua kwa kidole gumba, akasema imetosha. Nilimuuliza kuhusu mwanga. Alisema mwanga uko. Nilimuuliza kuhusu umbali wa lenzi. Aliuliza kama Mama ana chai.

Alhamisi, tarehe 16 Oktoba.

Wamekubali.

Papa Hakorimana aliitazama picha ya Déo jana, akasema: "Bako bazuri. Balete." Uwamariya alinitumia ujumbe wa sauti asubuhi, huku watoto wa darasa lake wakipiga kelele nyuma. Alikuwa akicheka. Mama yake amekwisha kupeleka vitenge kwa mshonaji. Alisema: "Tuyizere, njo basi. Imeisha. Jumamosi ile unakuya, unakaa kimya, unakula, unaoa. Utaweza kukaa kimya siku moja?" Nilijibu kwamba inategemea mada.

Mama Anastasie alipiga magoti palepale jikoni akashukuru. Mjomba Shema alipeleka kipande chake cha chupa shimoni.

Nami nikaomba kuiona picha yenyewe.

Mungu wangu! Vitu vitatu vya kahawia, kama mikate iliyodondoka kwenye maziwa. Hakuna jicho. Hakuna pembe, pana vijiti. Mmoja wao huenda ni kichaka. Na kwa ushahidi huu, mwanamume mwenye busara amekubali kumtoa binti yake! Mahari yangu, yaani mahari ya mtu mwenye shahada ya mawasiliano, mmiliki wa pikseli milioni mia moja, imepokelewa kwa hisani ya simu yenye kioo kilichopasuka.

Déo amenitumia ujumbe: "Kaka, nimekusaidia. Utanipa fanta." Sikula mchana.

Jumamosi, tarehe 18 Oktoba.

Siwezi kuingia katika ndoa kupitia mlango wa picha ile. Nimelipima jambo hili pande zote. Miaka thelathini ijayo wajukuu watauliza ng'ombe wa bibi yao walikuwaje, na wataonyeshwa mikate.

Leo alfajiri mvua ilikatika. Nilimsugua ng'ombe wa mjomba kwa maji ya moto hadi akang'aa. Nilimsimamisha uso kwa uso na kamera, nyasi ndefu zikimfunika kuanzia kifuani, kwa maana kiwele chake kingesimulia mambo mengi. Mimi si mjinga. Kisha nikazipaka pembe zake mafuta ya ng'ombe, taratibu, kwa kitambaa, ili zishike jua la kwanza.

Zikalishika! Kila mkunjo ulijaa dhahabu upande mmoja na kivuli upande wa pili. Niliona mistari, ndiyo. Niliihesabu hata. Lakini mtu anapotazama kupitia kamera kama hii hahukumu, anapokea.

Mjomba alipita akienda shambani. Aliuliza kama wakwe wamebadili neno. Nikasema hapana, wamekubali. Akauliza basi natafuta nini. Nikasema: ukweli. Akaenda zake bila kuaga.

Jumanne, tarehe 21 Oktoba. Goma.

Nimechapisha. Upana wa mita moja na nusu. Kila unywele wa kope upo. Wateja waliokuja kupiga picha za pasipoti waliacha foleni kutazama. Mama mmoja alisema ng'ombe huyu amemkumbusha shangazi yake. Nimeiviringa na kuitia ndani ya bomba la plastiki la maji ili mvua isiiguse.

Alhamisi, tarehe 23 Oktoba. Masisi-centre.



Nilifika saa saba kwa pikipiki, bomba mgongoni. Kwenye kizuizi cha barabarani askari waliniamuru nilifungue mara mbili. Mara zote mbili walistaajabia kazi. Nyumbani kwa Papa Hakorimana nilipokewa vizuri. Alikuwapo yeye, kaka zake wawili wazee, Uwamariya aliyekuwa ametoka shuleni, na Déo, ambaye hukosekana mahali pasipo na chakula tu. Uwamariya alinong'ona: nimeleta nini, na kwa nini? Nilimwambia avumilie.

Nilitoa hotuba fupi juu ya picha na uvumi. Kisha tukaifungua, Déo ameshika upande mmoja, mimi mwingine. Ukuta mzima ukawa uso wa ng'ombe.

Nikiri furaha: wazee walishtuka. Mmoja alivuta kiti nyuma. Nikawaambia: sogeeni! Karibuni zaidi! Picha hii haiogopi macho! Nao wakasita, kwa adabu. Basi nikamshika Papa Hakorimana mkono, mimi mwenyewe, nikamleta mbele, nikamwambia atazame pembe.

Alivaa miwani. Akatazama. Akainua kidole, akakiweka juu ya pembe ya kushoto, karibu na kichwa, akakipandisha polepole. Alihesabu kwa sauti ya chini, kama mtu anayesali. Alipofika saba alisimama.

"Mutamba gani iko na ndama saba?"

 Ndipo Déo, ambaye sikumwomba chochote, akasema haraka: "Papa, hizi apareye za zamani zinatiaka mistari mu picha. Hata kwangu ilifanyaka vile."

Kamera ya zamani! Nilimsahihisha papo hapo. Nilisema hakuna mpya kuliko hii kutoka Sake hadi Walikale, na kwamba haitii mstari ambao haupo.

Uwamariya akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa wakati ule. Akamwambia baba yake kwamba njiani pana matope mengi, huenda lenzi ilichafuka, na mistari ni uchafu tu. Nilimweleza kwa upendo kwamba picha ilipigwa Jumamosi, siku isiyo na mvua, na lenzi niliisafisha mwenyewe kwa kitambaa maalumu.

Papa Hakorimana akavua miwani. Namkumbuka vizuri: hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu anayemshikia mwenzake mlango huku mikono yake imechoka. Akaniuliza: "Mutoto wangu, hii picha yako inaweza kosea? Hata kidogo?"

Wote walinitazama. Déo alikuwa akitikisa kichwa kunionyesha jibu. Uwamariya alikuwa amefumba macho.

Nilisimama wima. Nilijibu kama msomi. Nilisema: haiwezi.

Yeye mwenyewe aliiviringa, bila kuikunja hata kona moja, akairudisha ndani ya bomba, akanikabidhi kwa mikono miwili. Akasema tule kwanza, maana barabara ni mbaya. Tulikula. Nyama ilikuwa laini. 

Ijumaa, tarehe 24 Oktoba. Mushaki.

Ujumbe wa sauti kutoka kwa Uwamariya. Safari hii hapakuwa na watoto nyuma.

"Déo alikufungulia mulango. Mie nikakufungulia mulango. Papa mwenyewe akafungua, akabakia anaushika. Weye ukafunga yote, tena ukasimama mbele yake."  Kisha: "Gaju iko wapi?"

Nilimwandikia ukweli wote: lori, Papa Grégoire, karamu ya Walikale, na mantiki ya mpito. Niliongeza aya tatu kuhusu upana wa kibamba cha mwanga, ili aone kwamba uamuzi haukuwa wa kitoto. Niliambatisha picha ya mdudu.

Alijibu kwa maneno mawili: "Usinitumie picha."

 Nimeyasoma mara nyingi zaidi ya hapo.

 Mama anapika, anaweka sahani, anaenda malishoni kuwatazama wawili waliobaki.

Jumamosi, tarehe 25 Oktoba.

Mvua. Hakuna aliyekuja, hakuna aliyekwenda.

Jumapili, tarehe 26 Oktoba.

Nimeamka na akili safi. Nimegundua mahali kosa lilipo, na si kwangu. Katika sebule ile yalichanganywa mambo mawili ambayo mtu makini hawezi kuyachanganya: ng'ombe na picha ya ng'ombe. Ng'ombe alikuwa na dosari. Picha haikuwa nayo. Nimehukumiwa kwa ya kwanza. Ya pili haijajibiwa na mtu.

Tena, Papa Grégoire amepita asubuhi. Amekumbuka kwamba mhandisi aliacha pia lenzi nyingine, ya kuvuta mbali, inayoingia katika kamera hii hii. Anapenda sana ng'ombe wa Mushaki, karamu ilisifiwa. Ninao wawili, ambao kwa sasa hawana kazi maalumu. Nimemwambia nitafikiri, naye akacheka kwa sababu nilikuwa nimekwisha kwenda kuchukua kamba.

Mama alikuwa kanisani.

Kabla ya lenzi lakini, haki. Ujumbe ufuatao nimeuweka leo adhuhuri katika kundi la WhatsApp la familia zote mbili, mbele ya wajomba, shangazi, wachungaji wawili, na Déo, ambaye tayari ameweka alama ya kichwa kilichoshikwa kwa mikono:

"Kwa Papa Hakorimana, kwa heshima zote. Sidai binti yako leo; hilo ni jambo la nyumbani, nasi tutalizungumza. Ninadai jibu. Uliisogelea picha yangu, nayo haikukukimbia. Ulihesabu mistari saba, na ng'ombe yule, Mjomba Shema ni shahidi, amezaa mara saba kamili. Picha ya simu ulipoitazama hukuona hata mmoja, ukafurahi, ukadanganyika. Yangu ndiyo iliyokuambia kweli, na ndiyo uliyoifukuza. Basi nijibu hapa, si kwa kunipigia kando, si kupitia kwa Uwamariya, bali hapa mbele ya wote waliosikia nikiaibishwa: kamera yangu ilikosea mstari gani?"